Supu kwa Mgonjwa, Nyama kwa Wageni

9 Septemba

Mama ameungua. Alikuwa anashusha sufuria ya maji ya bugali, na kwa kuwa mvua ilikuwa imeingia jikoni, mguu ukateleza. Maji yote yakamwagikia mguu wa kulia, toka goti mpaka vidoleni. Mimi nilikuwa sokoni Mudzipela na ndagala zangu. Binti yangu Grâce alinipigia simu, nikaacha samaki wazi mbele ya watu kama mtu asiye na akili.

Mama hakulia. Tulipokuwa tunampandisha kwenye pikipiki alisema tu, "Muzime moto, kuni iko naisha bure."

Daktari anasema mfupa haukuguswa. Ngozi ikiota upya mguu utapona, isipoota, watakata. Mama ana miaka sabini na kitu. Alitoroka vita kule Fataki kwa miguu hiyo hiyo, na sitaki kumwona amekalishwa kwenye kiti mpaka kufa. Ninaandika haya kwa tarehe ili mdogo wangu Anaclet asije kesho akasema dada yake hakufanya kitu. Namjua.

10 Septemba

Hospitali chakula ni kazi ya familia. Nyuma ya wodi kuna paa la mabati ambapo sisi tunaolala na wagonjwa tunapika. Anaclet ananunua na kuuza ng'ombe, kwa hiyo ametuma nyama, na kusema kweli ni nyama nzuri. Nimeichemsha asubuhi nzima na vitunguu na chumvi mpaka ikaachana na mfupa. Mgonjwa anapewa supu, kwa sababu nguvu yote ya ng'ombe inashuka ndani ya yale maji na kuingia damuni bila kumchosha. Mama ndiye aliyenifundisha, naye alifundishwa na mama yake. Nyama inayobaki ni ya kutafuna tu, hiyo wanapewa wageni.

Mama amekunywa bakuli mbili. Baba Willy, mdogo wa marehemu baba, alikuja na watu wa kanisa, wakala nyama chini ya dirisha la wodi na kusifu mkono wangu. Hakuna atakayesema kwamba mtoto wa Madeleine anapokea wageni kwa mikono mitupu.

13 Septemba

Mvua. Supu. Baba Willy.

14 Septemba

Leo amekuja Gracieuse, mke wa Anaclet. Kwao ni Butembo. Bwana anatuma nyama ya ng'ombe, na bibi analeta nini? Maharagwe yaliyopikwa pamoja na karanga na ndagala za kuponda. Mimi muuza ndagala nimeletewa ndagala.

"Mama Grâce," akasema, "mupe mama hii. Inajenga mwili."

"Mama Orly, hii ni chakula ya gereza. Maharagi inaleta usaha mu kidonda, na samaki inaiwasha. Kwenu hamujue hii?"

"Kwetu tunajua njaa."

Majibu gani hayo. Nilimshukuru kwa meno tu, na alipotoka nikagawa maharagwe yake kwa wanawake wa wodi ya pili, ambao walilamba mpaka sufuria. Mama akauliza kutoka kitandani, "Mama Orly ameleta nini?" Nikamwambia hakuleta kitu.

19 Septemba

Muforomo wetu, muuguzi wa wodi, anaitwa Fanny, msichana mfupi mwenye haraka. Kila asubuhi akifungua kidonda anauliza, "Koko amekula nini jana?" Koko ndivyo wanavyowaita wazee hapa. Ninamjibu, "Nyama ya ngombe." Anatikisa kichwa, anafurahi, anaendelea na kitanda kingine. Wengine anawagombeza. Mimi hajanigombeza hata mara moja.

22 Septemba

Mvua tena. Grâce anasema ndagala zimeanza kuota ukungu.

28 Septemba

Mungu asifiwe, mama ananenepa. Mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo kwa unene, hata mguu ule mzima umejaa. Anaclet alipomwona alicheka kwa furaha, akampiga picha na kuwatumia ndugu wote. "Yaya, mukono yako iko na baraka," akaniambia mimi dada yake. Si mara nyingi Anaclet anatoa neno zuri bure.

Gracieuse alikuwa naye. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akabonyeza kidole gumba juu ya ule mguu mzima, akakiondoa. Shimo likabaki pale, halijai. "Muangalie," akasema kwa sauti ndogo. Nikamwambia aondoe mkono wake kwenye mwili wa mama yangu. Kuna watu hawawezi kuvumilia kuona wengine wakifaulu.

6 Oktoba

Kidonda hakisogei. Fanny anasema kinapaswa kuwa chekundu, nacho kimekuwa cheupe-cheupe, kimekaa tu. Nimeongeza kuchemsha nyama mpaka saa za mchana ili supu iwe nzito.

7 Oktoba

Mvua. Baba Willy alikuja na watu sita. Nyama haikutosha, nikaona aibu.

12 Oktoba

Nilikuwa namwogesha mama. Bangili yake ya shaba, ile ambayo tulipokuwa watoto ilikuwa haitoki mkononi hata kwa sabuni, imepanda yenyewe mpaka kwenye kiwiko. Uso ni mnene na mkono ni fimbo. Niliirudisha bangili chini, ikapanda tena alipoinua mkono. Sikumwambia mtu.

15 Oktoba

Leo wamemfanyia operesheni. Wametoa ngozi kwenye paja na kuipandikiza juu ya kidonda. Mama aliingia akiomba na akatoka amelala. Anaclet alituma nyama ya mbavu kwa ajili ya watu waliokuja kuomba pamoja nasi, na niliwapikia vizuri.

22 Oktoba

Ngozi haikushika. Walipofungua bendeji ilikuwa imekuwa nyeusi na kuteleza. Sasa mama ana vidonda viwili, kile cha mguu na kile cha paja, na hakuna kinachofunga. Daktari alituita mimi na Anaclet. Damu ya mama imepimwa na imekutwa haina protini ya kutosha. Akauliza kama kweli anakula.

Nilikasirika. Nilimwambia amwulize muforomo wake, nyama ya ng'ombe kila siku ya Mungu, ni wagonjwa wangapi wa wodi hii wanaopata hiyo? Fanny akasema ni kweli, hivyo ndivyo anavyoambiwa.

Lakini mchana akaja nyuma ya wodi wakati ninapakua. Alisimama pembeni, mikono mifukoni. Nikachota supu ndani ya bakuli ya mama, safi, bila hata kipande, nikaifunika. Kisha nikapanga nyama kwenye sahani kwa ajili ya Baba Willy na wenzake waliokuwa wameshanawa mikono.

"Mama, ile nyama ni ya nani?" Fanny akauliza.

"Ya wageni."

"Na ya koko?"

"Ya koko ni hii. Supu."

Alichukua bakuli kutoka mkononi mwangu, akafunua, akaangalia ndani. Nilifikiri atanipigia kelele. Badala yake alikaa chini kwenye jiwe, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Siku zote ni hivi?"

"Siku zote. Nguvu iko mu supu."

"Mama, mu supu iko maji, chumvi na mafuta kidogo. Nguvu ilibakia mu nyama. Mumeikula ninyi."

Kisha akanieleza, na ninaandika nilivyoelewa. Mwili unajengwa kwa protini, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Ngozi ni hiyo, nyama ya mwili ni hiyo, hata damu inahitaji hiyo ili ishike maji yake. Ikikosekana, maji yanatoka kwenye mishipa na kujaa miguuni na usoni. Mama hakunenepa, amevimba. Na kidonda kikubwa cha moto kinakula kuliko mtu anayelima shamba. Kisipopewa chakula kinamla mwenye nacho, kinaanza na mikono, kinafika mpaka moyoni. Akasema nyama, maziwa, mayai, samaki, maharagwe na karanga, vyote vinajenga. Nikamwuliza kama ndagala pia. Akasema hasa ndagala.

Ninazo gunia tatu za ndagala nyumbani. Zimekuwa pale tangu mama aungue.

Fanny akasema kosa ni lake pia, angeangalia sahani na si kuuliza tu. Lakini mimi ndiye niliyemjibu kila asubuhi. Sikumdanganya, na hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo: nilikuwa naamini.

23 Oktoba

Nimewaambia wageni kwamba chakula hakuna tena. Baba Willy alisimama na kofia yake mkononi.

"Emerance, unatufukuza kwa sababu ya nyama? Siye wenye tulikuja kumusalimia mama yako kila siku?"

"Mukuje kumusalimia, Baba. Lakini nyama ni ya mugonjwa."

"Batu watasema nini?"

"Waseme."

Zamani ningetafuta shimo la kuingia. Lakini mama alikuwa anatusikia dirishani, na nilitaka asikie.

24 Oktoba

Nimekwenda Nyakasanza kwa Gracieuse chini ya mvua, bila mwavuli, viatu mkononi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno na nilipofika yote yalinipotea. Nilisema tu, "Mama Orly, unifundishe kupika ile kitu yako."

Hakucheka. Alinipa kitambaa nijifute, akaweka karanga kwenye kikaango. Alipokuwa anaziponda ndipo alinieleza. Kabla ya Orly alikuwa na mtoto wa kwanza, msichana. Walikuwa wamekimbia kijiji karibu na Butembo, na kwa miezi mingi walikula mihogo mitupu. Mtoto akaanza kujaa mashavu na miguu. Majirani wakampongeza mama yake kwamba hata ukimbizini anajua kulea.

"Na mimi nikafurahia," akasema. "Nikamubeba ili batu wamuone. Alikufa na yale mashavu."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia haya yote siku ile ya kwanza.

"Nilikuambia, Mama Grâce. Ulisema chakula yangu ni ya gereza."

Aliendelea kuponda. Nilimwomba msamaha, akasema yamepita, lakini hakuinua macho, na nilijua kwamba kwa upande wake hayajapita bado. Nilimwita mchoyo na mwenye wivu moyoni mwangu kwa wiki zote hizi, na yeye ndiye peke yake aliyeingia wodini akiona mgonjwa. Sisi wengine tulikuwa tunaona mkutano.

27 Oktoba

Maharagwe, ndagala, yai. Mama alikula polepole na kumaliza.

29 Oktoba

Maziwa asubuhi. Ndagala na karanga mchana. Nyama jioni, imekatwa vipande vidogo. Hakuna mvua.

3 Novemba

Uso umeanza kushuka. Sasa tunaona mama alivyo, na ni mtu mdogo sana, mashavu yameingia ndani. Anaclet alishtuka. "Yaya, anakonda," akasema, na mimi nikamweleza kwamba huyu ndiye mama yetu wa kweli, yule wa kwenye picha alikuwa maji. Akaitafuta ile picha kwenye simu na kuifuta.

6 Novemba

Fanny aliniita nione. Kwenye ukingo wa kidonda kuna wekundu, mstari mwembamba, kama unyoya. Akasema huo ni mwili unaoanza kujenga. Nilimkumbatia na koti lake jeupe, kwa mikono yangu yenye samaki. Gracieuse alikuwepo, akanishika bega.

9 Novemba

Nitaandika hili polepole.

Jioni nilimlisha mama nyama niliyoichemsha na kuiponda kidogo. Wageni hawakuwepo. Alitafuna muda mrefu na macho yamefungwa. Kisha akauliza, "Hii ndiyo nyama Anaclet iko natuma?"

"Ndiyo, mama."

"Ile ile ya siku zote?"

"Ile ile."

Akaomba kipande kingine, akatafuna, akameza. "Nilikuwa nasikia harufu yake pale dirishani. Kila siku. Ninyi munakula, na mimi mate inajaa kinywa."

"Mbona hukuomba, mama?"

"Mbele ya wageni? Wangesema mutoto yangu ananinyima." Akanipapasa mkono. "Na ni mimi nilikufundisha supu. Mama yangu nilimupa supu, muzee wako nilimupa supu. Sikujua mugonjwa anasikia njaa namna hii."

Nilimwambia anisamehe. Alisema hakuna cha kusamehe, nikate nyama nyingine. Niliikata. Ningeikata mpaka asubuhi kama angekuwa na meno ya kuimaliza. Alinyamaza kwa njaa wiki sita ili mimi nisifiwe na watu waliokuwa wanakula chakula chake.

12 Novemba

Homa. Anatetemeka chini ya blanketi mbili. Usaha umeingia damuni. Daktari anasema ilikuwa lazima kukata mguu, lakini mwili hauna akiba ya kuhimili kisu, na wiki tatu za kula vizuri hazirudishi kilichopotea tangu Septemba. Alisema kwa upole. Bora angesema kwa ukali.

13 Novemba

Hamezi tena. Maziwa yanarudi.

14 Novemba

Ijumaa. Mama amekufa saa mvua ilipoanza. Nilikuwa nimeshika ule mkono wenye bangili.

16 Novemba

Tumemzika jana. Anaclet amechinja ng'ombe, dume kubwa, ili mtu yeyote asiseme kwamba Madeleine alizikwa kama maskini. Wanawake wamepika uani kwangu tangu alfajiri, na leo watu wamejaa mpaka barabarani.

Baba Willy alisimama kusema neno la familia. Alinisifu. Alisema watoto wa leo wanawatupa wazee wao, lakini Emerance alilala chini ya kitanda cha mama yake miezi miwili, na kila siku ya Mungu kulikuwa na nyama. Watu wakaitika amina. Sikuweza kuvumilia. Nilisimama mbele yao wote nikasema, "Nyama tulikula siye, Baba. Mama alikunywa maji yake. Amekufa na njaa pembeni ya sufuria yetu."

Baadhi waliweka sahani chini. Baba Willy alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa, kwa sababu alikaa chini kabla ya kumaliza neno lake. Ni mzee, si mtu mbaya, alikula alichopewa. Lakini mtu mwingine akasema ni uchungu unaongea, mtu aanzishe wimbo, na wimbo ukaanzishwa. Baada ya kidogo vijiko vikasikika tena.

Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye ngazi. Gracieuse akanifuata. Alikuwa na sahani ya nyama, ameshaikata vipande vidogo.

"Kula, Mama Grâce. Toka Ijumaa haujaweka kitu mu kinywa."

"Siwezi. Hii siwezi."

"Unaweza. Mimi pia nilikula, siku mutoto yangu alikufa. Walinilazimisha. Tafuna."

Alikaa karibu nami, bega kwa bega, akaweka sahani kwenye magoti yangu, na safari hii aliniangalia machoni. Nikaweka kipande kimoja mdomoni. Ilikuwa imeiva vizuri, laini, na mimi nilikuwa na njaa ambayo sikujua kwamba ninayo. Nilitafuna na machozi yananishukia kwenye sahani. Nikaimaliza yote. Kisha nikasimama, nikarudi uani, na mbele ya wageni wote nikaomba nyingine.